Bajeti ya kijiji isiwaruke waliovuka Ruvuma

Mhariri,

Kando ya mto Ruvuma, Newala hadi Nanyumbu, kuna wakazi waliovuka kutoka Msumbiji, wengine tangu machafuko ya Cabo Delgado yaanze mwaka 2017. Maji wanachota kisima kilekile, lakini bajeti ya kijiji inapopangwa, kisima kipya kichimbwe wapi, hawaulizwi.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi wa kawaida aliyefikisha miaka 18. Kuchagua viongozi ni jambo jingine. Hilo la raia.

Kinachokwamisha ni karatasi ya mahudhurio. Ikiwa na safu ya namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), mtu anaitazama, anarudisha kalamu, anaondoka. Jina na kitongoji vinatosha. Tangazo la ubaoni nalo halimfikii aliyesomea Kireno, kwa hiyo balozi wa nyumba kumi apite nyumba kwa nyumba wiki moja kabla. Kimakonde kitumike bila aibu (wenyeji wenyewe wakikasirika hukisema). Msimu wa korosho mkutano uwe saa kumi jioni, maana asubuhi vibarua wanaokota. Na muhtasari usomwe palepale kabla watu hawajatawanyika, la sivyo kisima kitahamia uani kwa mkubwa.

Msomaji,
Newala