Kura ya rais isipelekwe bungeni

Bwana Mhariri,

Tangu mazungumzo ya kubadilisha Katiba ya Kongo yafufuke, kuna hoja moja inayozidi kupata wasemaji hapa Lubumbashi, redioni na hata kwenye vibanda vya kuuzia mayinite ya simu. Wanasema uchaguzi wa rais unakula pesa nyingi na kuleta vurugu, basi wabunge wa taifa, maseneta na wabunge wa majimbo wamchague kwa niaba yetu. Halafu wanaongeza: mbona hata Marekani na Afrika Kusini mwananchi hamchagui rais moja kwa moja?

Marekani kuna wajumbe 538 wa kumchagua rais kwa niaba ya majimbo, na anayefikisha 270 ndiye rais. Sawa. Lakini Mmarekani bado anapanga mstari Novemba na kupiga kura yake, na wajumbe wa jimbo lake wanafuata kura hizo. Hakuna aliyemwambia abaki nyumbani. Na hata hivyo wenyewe wanalalamika: mwaka 2000 Al Gore alipata kura nyingi kuliko George W. Bush akashindwa, na mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura karibu milioni 2.9, akaapishwa Trump. Afrika Kusini ni mfano wenye uzito zaidi, sikatai. Mwaka 2024 chama tawala cha ANC kilishuka hadi asilimia 40, na rais Ramaphosa alilazimika kuzungumza na wapinzani wake kabla Bunge halijamrudisha. Ila Bunge hilohilo linaweza kumwondoa likikosa imani naye. Hao wa kwetu sijawasikia wakigusa upande huo. Wanataka rais mwenye madaraka yaleyale ya leo, achaguliwe na wachache tu.

Tena hatuhitaji kusafiri kutafuta mfano. Mfumo huu tunao nyumbani. Gavana wa jimbo letu la Haut-Katanga hatumchagui sisi, anachaguliwa na wabunge wa jimbo, ambao wote wangeenea katika basi moja la Kasumbalesa. Maseneta ni vilevile. Mwaka 2019, baada ya uchaguzi wa maseneta, tuhuma za kura kununuliwa zilikuwa nyingi hadi rais mwenyewe na wakuu wa taasisi wakasimamisha kwa muda kuapishwa kwao na kuahirisha uchaguzi wa magavana. Kinshasa, chama cha rais kilikuwa na wabunge wengi wa jimbo lakini hakikupata hata seneta mmoja. Wanachama wake waliingia barabarani kwa hasira, na mtu angeshangaa kama wasingeingia. Kununua kura za mamilioni ya watu ni kazi ngumu, hata kwa tajiri. Kununua za watu wanaolala hoteli moja usiku wa kuamkia uchaguzi, hesabu yake inajulikana.

Wazee wa mji huu wanakumbuka na mengine. Juni 1960, Kasa-Vubu alichaguliwa kuwa rais na mabaraza mawili ya Bunge kwa kura 159 dhidi ya 43 za Bolikango. Haikupita hata miezi mitatu, yeye na waziri mkuu Lumumba wakafukuzana, ingawa wote wawili walipewa kiti na Bunge. Na hapahapa, mji ukiitwa Elisabethville, baraza la jimbo la Katanga lilikuwa na viti 60 na sheria ilidai theluthi mbili wawepo ili serikali ya jimbo ichaguliwe. Chama cha Balubakat kilipogoma kuingia, Wabelgiji waliibadilisha sheria katikati ya Juni, wapinzani wao wa Conakat wakaunda serikali peke yao. Kilichofuata Julai 11, Katanga ikajitenga na Kongo, kila mtoto wa Katanga anakijua. Sisemi utengano wote ulitoka kwenye kifungu kimoja. Nasema tu kwamba wapiga kura wakiwa wachache, kuwakwamisha ni rahisi, na kuwabadilishia sheria usiku ni rahisi zaidi.

Kuhusu gharama, ndiyo, kuandikisha watu karibu milioni 44 katika nchi isiyo na barabara si mchezo. Lakini wabunge hao nao si tunawachagua siku ileile? Desemba 20, 2023, katika shule moja ya Katuba, mashini ile ya kioo ya kupigia kura ilimpa kila mtu rais, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo na diwani kwa mpigo. Mama aliyekuwa mbele yangu alibonyeza picha ya rais kwa kidole bila kusita, akaanza kuhangaika alipofika kwa wabunge, maana picha zilikuwa kurasa kwa kurasa. Ukiondoa rais, ndege na mashini zinabaki palepale. Na wale wanaosema maeneo ya vita yangesaidika wajiulize: Masisi na Rutshuru, siku ile ambayo hawakupiga kura ya rais, walipiga ya wabunge?

Ujanja uko kwenye Katiba. Kifungu cha 220 kinakataza kugusa kura ya wananchi wote pamoja na idadi na urefu wa mihula ya rais. Lakini kifungu cha 5 kinasema kura hiyo yaweza kuwa ya moja kwa moja au la. Kwa hiyo watatuambia 220 haikuguswa, kilichoguswa ni kifungu cha 70 tu, kile kinachosema rais achaguliwe moja kwa moja. Halafu atasimama mwanasheria wa kutueleza kwamba kwa mfumo mpya mihula inahesabiwa upya.

Kama kweli tatizo ni rais asiye na wengi nyuma yake, dawa tulikuwa nayo. Mwaka 2006 tulipiga kura duru mbili. Januari 2011 wabunge waliifuta duru ya pili bila kutuuliza, na mwaka 2018 tukapata rais kwa asilimia 38.57. Jirani zetu Zambia wanadai asilimia 50 na zaidi tangu 2016. Turudishiwe duru ya pili.

Na wabunge wetu wa Haut-Katanga, watakaporudi likizoni kutusalimia, waulizwe hadharani, kwa majina: kifungu cha 70 watakigusa au hawatakigusa?

Mwalimu mstaafu,
Komini ya Katuba, Lubumbashi