Barua ya wazi kwa Waziri wa Serikali za Mitaa: mahame yetu yaingie kwenye ramani

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Serikali za Mitaa,

Salaam. Nakuandikia kuhusu mahame, yaani mahali watu walipoishi zamani kisha wakahama.

Mwaka jana mzee mmoja wa mkoani Dodoma alinitembeza kwenye shamba la mtama ambalo machoni pangu lilikuwa shamba tu. Akasimama chini ya mbuyu, akafukua majani kwa fimbo yake, likaonekana jiwe la kusagia lililolika katikati kama bakuli. "Hili la mama," akasema. Kisha akanionyesha tuta la udongo palipokuwa na tembe yao, zizi lilipoanzia, na kaburi la babu yake. Waliondolewa hapo katika Operesheni Dodoma, kampeni ya serikali ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, iliyoanza mwaka 1970. Kwenye ramani iliyobandikwa ofisi ya kijiji, pale pote pameandikwa neno moja: kilimo.

Mheshimiwa, vijiji vyetu vingi, kwa sura tunayoijua leo, ni vichanga kuliko wazee wanaoishi humo. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo ikamilike kabla ya mwaka 1976 kwisha. Mamilioni ya watu walihama, wengine kwa hiari, wengine kwa malori. Nyumba zikapangwa kwa mistari kandokando ya barabara. Baadhi ya vijiji vikapewa majina mapya: Azimio, Muungano, Mapinduzi. Jina la zamani la kilima au la kisima likabaki midomoni mwa waliozaliwa hapo.

Siandiki kulaumu. Shule na zahanati ziliwafikia watu ambao zisingewafikia kirahisi walivyokuwa wametawanyika. Ninachodai ni kwamba watu wale hawakuwa wamekaa ovyo. Tazama Rufiji. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, wakazi wa bondeni walihamishiwa sehemu za juu. Lakini rutuba ililetwa na mto, na mto haukuhama. Msimu ukifika wakulima walirudi bondeni, wakajenga madungu yao, vibanda vya kulindia shamba, juu ya nguzo, wakalinda mpunga na mahindi dhidi ya nguruwe na ndege. Mtu akisoma ramani ya makazi peke yake hawezi kuelewa kwa nini kijiji kizima kina mguu mmoja huku na mwingine kule. Akiyajua mahame, anaelewa mara moja.

Jambo hili lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji jukumu la kusimamia ardhi yake, na mipaka ndiyo msingi wa yote. Ukizuka mgogoro kati ya vijiji viwili, tunafanya nini? Tunamtafuta mzee. Tunamuuliza korongo lile lilikuwa la nani, nani alizikwa upande gani. Ushahidi wote uko kichwani mwake, na aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1974 sasa ameshapita 70. Kila msiba kijijini unatupunguzia kumbukumbu ambayo hakuna faili linaloihifadhi.

Ninaomba utoe mwongozo kwamba popote unapoandaliwa mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, wapimaji watenge siku moja ya kutembea na wazee, wanawake kwa wanaume. Nasisitiza wanawake, kwa sababu njia za maji na za kuni wao ndio wanaozijua. Mahame, visima vya zamani na makaburi yawekewe alama kwenye ramani ileile. Majina ya kale yaandikwe kama yanavyotamkwa na wenyewe. Mtendaji wa kijiji awe na daftari linaloeleza kila ukoo ulitoka wapi na ulifika lini, na nakala moja ikae shuleni ili watoto wasome jiografia ya mahali wanapokanyaga. Hatuhitaji idara mpya. Wapimaji wanafika vijijini wakiwa na vifaa vyao tayari. Wanakosa maelekezo tu.

Mzee yule hakuniambia anataka kurudi kwenye mahame yake. Aliniuliza jambo moja: wapimaji wakija tena, watampitia nyumbani awaonyeshe kaburi lilipo? Nilimjibu kwamba nitakuuliza wewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi