Risala ya Wahitimu wa Kidato cha Sita, Mchepuo wa PCB, kwa Mgeni Rasmi, Daktari Bingwa Bobezi wa Mimba Hatarishi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule pamoja na walimu wetu,
Wazazi na walezi wetu wapendwa,
Wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuja. Tunafahamu kwamba mtu wa kazi yako hana Jumamosi, na kwamba ili wewe uketi hapa leo kuna mwenzako amekubali kukushikia zamu. Tufikishie shukrani zetu kwake pia.

Sisi ni wahitimu 64 wa Fizikia, Kemia na Biolojia. Mkuu wa Shule alipotuambia kwamba nawe ulisoma hapa hapa, ukalala katika bweni lile lililo karibu na mwembe, tulipiga hesabu ya njia uliyopita. Kidato cha kwanza hadi cha nne, miaka 4. Cha tano na cha sita, miaka 2. Udaktari Muhimbili, miaka 5. Utarajali, mwaka 1. Ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, miaka 3. Jumla miaka 15, na hapo hatujagusa ubobezi wa mimba hatarishi ulioufuata baadaye, wala miaka uliyotumikia hospitali ya wilaya kabla ya kurudi darasani. Jumla hiyo ilipoandikwa ubaoni, darasa lilinyamaza.

Lakini miaka ya wilayani ndiyo tunayotamani kuisikia zaidi kutoka kinywani mwako. Mambo ya chuo tutayasoma kwenye miongozo ya udahili. Hakuna karatasi inayotueleza daktari kijana anafanya nini saa nane za usiku, mama ameletwa anatoka damu, na bingwa wa karibu yuko mwendo wa saa nne kwa gari.

Tunauliza hivyo kwa sababu. Mimi ninayesoma risala hii natoka Ukerewe, na wenzangu wameniruhusu niseme jambo la nyumbani kwetu.

Nikiwa darasa la nne, mama yangu mdogo alikuwa na mimba yake ya kwanza, miezi saba na siku kadhaa. Kichwa kilimuuma siku tatu mfululizo. Uso ukavimba, pete ikakataa kutoka kidoleni, na watu wakasema huyo ni mtoto wa kike, ndivyo wanavyowafanya mama zao. Kliniki alikuwa amehudhuria wiki mbili nyuma. Kwenye kadi yake, mahali pa kuandika presha palikuwa patupu, kwa kuwa siku hiyo betri za mashine zilikuwa zimekwisha. Usiku wa tatu akaanguka, akakakamaa, macho yakageuka. Jirani mmoja alisema ni mapepo. Mwingine akasema ni kifafa, na kifafa kina waganga wake. Saa nyingi zikapotelea katika mabishano hayo, mpaka babu akakata shauri na kwenda kumwamsha mwenye mtumbwi wa injini. Walifika Mwanza kumepambazuka. Mama mdogo alipona. Mtoto hakupona.

Sikuelewa wakati ule alifanyiwa nini wodini. Sasa naelewa kidogo: ilikuwa presha ya mimba iliyofikia degedege. Dawa aliyochomwa kwenye mshipa, kisha kwenye kila tako, ni magneziamu salfeti. Chumvi ya jina hilo hilo imo kwenye kabati la maabara yetu. Tumeiyeyusha mara nyingi kwenye bika bila kuiwazia lolote. Siku mwalimu wetu wa Kemia alipotaja kazi ya chumvi hiyo hospitalini, niliomba ruhusa nikatoka nje. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wajawazito zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba mwenye presha ya mimba akipewa dawa hii mapema, hatari ya kupata degedege inapungua kwa zaidi ya nusu. Haihitaji mtambo mkubwa. Inahitaji mtu anayeijua: anayegonga goti aone kama mguu unaruka, anayehesabu pumzi, anayepima mkojo, kwa maana ikizidi mwilini huweza kusimamisha pumzi.

Mimba ya pili ya mama mdogo iliangukia mikononi mwa daktari wa kazi kama yako. Tangu wiki ya 12 alipewa kidonge kidogo cha aspirini kila siku. Kila alipokwenda alipimwa presha na mkojo, na alipokaribia siku zake hakuruhusiwa kurudi kisiwani. Binti aliyezaliwa yuko darasa la kwanza, na jina alilopewa ni la daktari yule.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunajua hali inabadilika. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikuta 104. Leo babu angepiga 115 bila malipo, na mfumo wa m-mama ungemtafutia usafiri wa dharura. Ila lipo jambo moja ambalo namba ya simu haiwezi kulitatua, nalo ni jina la ugonjwa huu. Kifafa cha mimba! Anayelisikia huwaza ugonjwa wa ukoo, wa aibu, wa kufichwa, na husubiri kuona mtu ameanguka. Kumbe ugonjwa wenyewe huanza baada ya wiki ya 20, kwa presha ya 140 kwa 90 na protini kwenye mkojo, mama akiwa bado anachota maji na kupika. Tunawaomba ninyi mabingwa, mnapozungumza redioni, mlitangulize jina la presha ya mimba.

Klabu yetu ya sayansi imeanza kazi ndogo. Kila anayekwenda likizo huomba kuisoma kadi ya mjamzito wa nyumbani kwao, na akikuta pa presha ni patupu, humsindikiza kliniki wiki hiyo hiyo. Tunaomba utufundishe kuifanya vizuri, tusije tukawatisha akina mama.

Tunaomba pia uwaambie ukweli wale kati yetu ambao alama hazitawafikisha kwenye udaktari. Wapo wanaolia usiku wakidhani njia imefungwa. Waeleze kuhusu uuguzi na ukunga, kwani mkunga ndiye anayemwona mama kwanza, na mwenye bingwa wake mjini bado anamhitaji mkunga wa kijijini kwake.

Hadubini zinazofanya kazi katika maabara yetu ni 3 kwa wanafunzi wote wa mchepuo huu. Tunaomba utusemee kwa wadau unaowafahamu ili wadogo zetu wapate nyingine. Na kwa ajili ya klabu, tunaomba mashine 2 za kupimia presha, pamoja na betri zake.

Tunaomba kuwasilisha.