Tanzia ya mama haikutaja kazi yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nisahihishe kosa nililolifanya kwa mkono wangu mwenyewe. Mama yetu alipofariki dunia, mimi ndiye niliyeandika tanzia. Nilimtaja kuwa mke wa fulani, mama wa watoto sita na bibi wa wajukuu, nikaandika saa ya maziko na nyumba yenye msiba, nikaona imetosha. Siku ya tatu, baada ya hitima, baba aliomba asomewe tanzia hiyo kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri tena. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na duka je?" Sikuwa na jibu.

Baba alikuwa karani katika shamba moja la mkonge upande wa Muheza. Watu wa Tanga wanajua mkonge ulikuwa nini kwetu: mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000, na sehemu kubwa ya mji huu ilikula kwa singa zile. Kamba za nailoni zilipoenea duniani bei ikaanguka, mashamba yakaanza kudhoofika, na mshahara wa baba ukawa unakuja leo na kukosekana miezi inayofuata. Hapo ndipo mama alipoanza kukaanga vitumbua. Aliloweka mchele, akausaga, akauchanganya na tui, hiliki na hamira, na adhana ya alfajiri ilipoadhiniwa kikaango kilikuwa motoni zamani. Faida aliitia kwenye upatu, na zamu yake ilipofika hakununua kitanda wala saa ya ukutani. Alinunua kanga za kuuza.

Serikali ilipoufanya mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, mama alikwenda kwenye kisomo jioni, dada yetu mkubwa akiwa mgongoni. Alisema wazi kwamba alitaka kusoma majina ya kanga bila kumwomba mtu. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoelewa uzito wa jambo hilo, kwani anayenunua kanga hununua maneno pamoja na nguo: kuna ya kumpelekea mkwe, kuna ya mzazi aliyetimiza arobaini, na kuna ya mafumbo inayoweza kuvunja ujirani wa miaka. Mama hakumuuzia mtu doti kabla ya kumsomea jina lake kwa sauti, na ninaamini kwamba ugomvi mwingi wa mtaani uliishia pale juu ya meza yake.

Miaka ya mwanzo ya themanini, bidhaa zilipoadimika na msako wa walanguzi wa mwaka 1983 ukawatia hofu hata wenye biashara ndogo za halali, alifunga duka akarudi kwenye kikaango bila kunung'unika. Sukari ilipokosekana, aliuza mihogo. Masharti ya biashara yalipolegezwa, alifungua tena.

Tulipofungua daftari lake la madeni baada ya msiba, tuliona kwamba kila mdaiwa aliandikiwa tarehe ya kulipa, isipokuwa wajane waliokuwa edani. Majina yao siyataji. Baba naye alitueleza jambo ambalo hatukulijua hata sisi watoto. Baada ya kuachishwa kazi, kila asubuhi alikuta pesa ya kahawa na ya gazeti imewekwa chini ya mto wake, ili asilazimike kuomba mbele yetu. Mama aliendelea hivyo miaka yote, na hakuwahi kulisema.

Baba mdogo alipofariki tuliandika "mstaafu wa Bandari ya Tanga" kabla hata ya kutaja idadi ya watoto wake, na hakuna aliyetukumbusha. Kwa nini basi kalamu ilipofika kwa mama ilikomea kwenye ndoa na uzazi? Alivipenda vyote viwili na hakuvionea haya, lakini ni kazi yake iliyotulipia ada, ikaezeka nyumba na kumlindia mumewe heshima. Ninawaomba wasomaji wenzangu, mnapoleta tanzia za mama na shangazi zenu katika gazeti hili, andikeni walifanya kazi gani na wapi. Nawe Mhariri, familia iliyofiwa ikisahau, tafadhali iulize.

Kwa ruhusa yako, tanzia ya mama sasa isomeke hivi: mke mpendwa, mama wa watoto sita, na muuza kanga na vitumbua wa Barabara ya 12, Ngamiani, kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimemsomea baba maneno hayo kabla ya kuyatuma. Amesema niongeze na vitumbua, nami nimeongeza.

Mwana wa marehemu,
Ngamiani, Tanga