Notsi za walimu zisiishie kwenye flashi

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee masomo ya kidijitali, maana walimu tulipewa vile vishikwambi vya Sensa ya 2022 ila cha kuweka ndani hakuna anayekiongelea. Mimi nafundisha baiolojia huku Mbeya, juzi nimekesha nachora mchoro wa jani kwa ajili ya usanisinuru, kumbe mwenzangu shule ya jirani alishauchora zamani, tatizo kautunza kama PDF ya kuskani, huwezi kubadili hata herufi moja, na mi nilitaka tu nitoe jani la mchicha niweke la mgomba, watoto wa Tukuyu wanalifunikia hadi ndizi za kuivisha.

UNESCO tangu 2019 inazihimiza nchi zitumie rasilimali huria za elimu, yaani unachukua, unarekebisha, unagawa. Basi halmashauri zetu zianze na vituo vya walimu: mada moja faili moja, iwe ya kuharirika, iwe na leseni huria kama Creative Commons (yaani ruhusa ya wengine kuitumia na kuirekebisha) na jina la aliyeandaa libaki (hapo ndo wengi wanapoogopa kuibiwa). Bando likikata mtu anakopi kwenye flashi anapanda zake daladala.

Mwalimu wa sekondari,
Mbeya