Barua ya wazi kwa Katibu wa Ulinzi wa Jamii: msitudai risiti, tumeni mtu

Mheshimiwa Katibu,

Pokea salamu kutoka Kayole. Mimi si mtaalamu wa lolote. Niliuza mitumba Gikomba miaka kumi na minane, hadi mama yangu alipopatwa na kiharusi. Huu ni mwaka wa tatu. Daipa ya mtu mzima katika duka la hapa chini ni shilingi mia moja, naye hutumia tatu kwa siku, mbili nikibana. Inua Jamii, mpango wa serikali wa pesa za wazee, inampa 2,000 kwa mwezi. Siku ya saba zimekwisha, na hapo hatujanunua hata unga.

Sizidharau hizo 2,000. Zilipofunguliwa kwa kila aliyetimiza miaka 70, mwaka wa 2018, mama alizipokea kwa vigelegele. Wakati huo alikuwa akienda sokoni kwa miguu yake. Leo hawezi kujigeuza kitandani na bado anapewa 2,000 zilezile. Pesa hizi zinahesabu miaka ya mzee, hazihesabu kazi ya kumtunza. Najua kuna mpango mwingine wa watu wenye ulemavu mkali wanaohitaji mwangalizi muda wote. Huo nao ni 2,000.

Usiku mama akilala mimi husoma kwenye simu wenzetu wanafanyaje. Austria, tangu 1993, wanahesabu saa. Mtu anapimwa anahitaji msaada wa saa ngapi kwa mwezi. Zikizidi 65 anaingia ngazi ya kwanza, na ngazi ziko saba. Akishapewa pesa haulizwi amezitumia vipi. Italia nao hawaulizi. Wanatoa zaidi ya euro 500 kwa mwezi kwa asiyejiweza, awe tajiri au maskini, na sehemu kubwa huishia kwa wanawake waliotoka Ukraine au Romania, wanaolala nyumbani kwa mzee, wengi bila mkataba. Sisi wa Nairobi hatuhitaji kuelezwa habari ya msichana wa kazi asiye na mkataba.

Uholanzi walichoshwa na madalali waliokuwa wakila pesa za wagonjwa. Mwaka wa 2015 wakaacha kuziweka kwenye akaunti ya mtu, zikawa zinakaa katika benki ya serikali ya hifadhi ya jamii, ambayo ndiyo inamlipa mtunzaji. Wazo zuri, ila miezi ya mwanzo watunzaji wengi walikaa bila malipo kwa sababu mfumo ulikwama. Hapa tungeambiwa mtandao uko chini.

Lakini nchi iliyonikosesha usingizi ni Japani. Walipoanzisha bima ya matunzo mwaka wa 2000 walikataa kutoa pesa taslimu, wakatoa huduma tu. Vikundi vya wanawake vilikuwa vimepinga pesa kwa hoja kwamba mkwe wa kike angefungwa nyumbani, na familia iseme si analipwa? Nilisoma mistari hiyo mara mbili. Nina kaka wawili, Mheshimiwa, wote wana kazi. Mama alipoanguka hakuna aliyeitisha kikao kuuliza nani ataacha kazi. Ilijulikana tu. Hata hivyo siwezi kuomba ya Japani, kwa sababu wao waliponyima pesa walileta wahudumu mlangoni. Mimi mkininyima pesa mtaniletea nani?

Kwa hiyo naomba ya Wajerumani, na si ule ukubwa wa fedha zao. Tangu 1995 mzee wao anaweza kuchagua muuguzi wa kuja nyumbani, au pesa za kumpa jamaa anayemtunza. Kuna madaraja matano. Mwaka wa 2025 pesa zilikuwa euro 347 kwa daraja la pili na 990 kwa la tano, chini ya nusu ya thamani ya huduma yenyewe. Hakuna anayedai risiti. Sharti ni moja: kila baada ya muda mtaalamu anapiga hodi, anamwangalia mzee, anamshauri mtunzaji. Ukikataa ziara hiyo, pesa hupunguzwa, ukiendelea hukatwa. Na anayemtunza mtu angalau saa 10 kwa wiki anaweza kuwekewa michango ya pensheni. Mimi NSSF yangu ilikatika siku nilipofunga kibanda.

Linganisha na yetu. Mwaka jana wakala mmoja wa malipo alisema lazima mama afike mwenyewe aweke kidole. Tulimteremsha orofa tatu kwenye kiti cha plastiki, tukibebwa na huruma za vijana wanne wa bodaboda. Mashine ikakikataa kidole, maana mkono wa kiharusi umejikunja na ngozi imelainika. Tukapandisha kiti. Walitaka tu kuhakikisha yu hai. Hakuna aliyemtazama mgongo, ambao wakati huo ulikuwa na kidonda cha kulala ukubwa wa kifuniko cha chupa.

Wa kupiga hodi mnaye tayari. Mwaka wa 2023 serikali iliwagawia mikoba wahudumu wa afya ya jamii 100,000. Wa mtaa wetu anatujua kwa majina, na ndiye aliyenionyesha jinsi ya kumgeuza mama kila saa mbili. Mlipeni kwa ziara hizo. Mpeni fomu ya kupima mzee anahitaji saa ngapi za msaada, kisha kiwango cha pesa kifuate saa hizo. Andikeni jina la mtunzaji, na sehemu ndogo iende kwenye akiba yake ya uzeeni.

Ukitaka kujionea mwenyewe, karibu. Ila usije kabla ya saa nne asubuhi, ndio wakati namwogesha.

Wako,
Mtunzaji, Kayole