Sindano Haina Dawa, Unalipia Nini?

Juzi mama mmoja alisimama mlangoni pa chumba changu cha akupancha, tiba ya Kichina ya kuchoma sindano, pochi mkononi, akaniuliza mbele ya wateja waliokuwa wakisubiri kwenye benchi: "Mwanangu, nimekuangalia tangu mwanzo. Sindano zako hazina dawa. Hiyo 40,000 ni ya nini?" Benchi zima likageuka kunitazama. Swali hili nalipata kila mwezi, na wengine hawaulizi, wanakwenda kusema mtaani kwamba wameliwa hela. Nijibu hapa.

Kweli, hazina dawa. Sindano ya akupancha ni waya mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, haina tundu. Ninazotumia zaidi zina unene wa robo milimita. Ya hospitali inaingiza kitu mwilini. Hii inaamsha mahali ilipoingia. Wachina wanafundisha kwamba nguvu waiitayo chi hupita katika njia kuu 12, na ikikwama ndipo panapouma. Njia hizo hakuna daktari aliyewahi kuzikuta kwenye upasuaji. Watafiti wa leo wanaeleza zaidi habari za neva, na ubongo kutoa vituliza maumivu vyake wenyewe. Mgongo, shingo, goti na kichwa cha kujirudia, hapo njoo. Vidonge vya presha usiache kwa ajili yangu. Sipigi chuku, ingawa vikombe vya kuumika ninavyo kabatini.

Unacholipia kinaanza kabla ya sindano. Siku ya kwanza tunakaa karibu saa nzima. Nauliza usingizi, choo, hedhi, jasho la usiku. Nashika mapigo kwa vidole vitatu kila mkono, kwanza juujuu, halafu kwa kukandamiza. Natazama ulimi. Tafadhali usije umetoka kula ubuyu wa rangi! Kuna dada aliniletea ulimi mwekundu kama bendera, nikaanza kuandika "joto la ndani", kumbe kapitia dukani. Nilifuta ukurasa mzima.

Halafu kuna kupata pointi yenyewe, mahali hasa pa kuchoma. Zusanli, kwa mfano, iko vidole vinne chini ya pia ya goti, kidole kimoja nje ya mfupa wa muundi, lakini vidole vyako, si vyangu. Nikiipata utasikia uzito au ganzi inayoshuka mguuni. Nikiikosa utasikia kuchomwa tu. Kwa hiyo anayeniambia "fulani anachoma 20 kwa bei hiyo hiyo, wewe nane" simjibu sana. Hatuuzi misumari.

Wapo pia wanaosema, "Nitunzie zangu, kesho unichome hizo hizo, unipunguzie." Hapana. Kila sindano inafunguliwa mbele yako na ikitoka inaingia kwenye boksi la manjano. Virusi vya ini havijui kama mlipatana bei.

Njia ya mkato inayoniuma zaidi ni ya nyumbani. Mtu akija mara mbili akapata nafuu, anaagiza boksi la sindano mtandaoni na kumkabidhi ndugu aliyeangalia video. Kijana mmoja wa bodaboda, bega lilikuwa limebakiza mara nne tu, binamu yake akamchoma juu ya bega, wima, mpaka sindano ikazama yote. Asubuhi alikuja kwangu akihema kwa vipande, eti nimrekebishe. Sikumgusa. Nilimpandisha bajaji hadi hospitali, nikaenda naye. Picha ikaonyesha hewa imevujia kando ya pafu. Aliwekewa mpira kifuani, na pikipiki ikalala ndani siku zote hizo. Mara nne alizokimbia zilikuwa 160,000. Ncha ya pafu iko chini tu ya nyama ile ya bega, ndiyo maana mimi huishika na kuinua kwanza, kisha naingia juujuu na kwa mshazari.

Mengine ni mafupi. Usije na njaa, watu huzimia. Mwezi wa Ramadhani tunapokea baada ya futari. Kama una mimba sema mapema, hata ya wiki chache, maana Hegu, ile ya kati ya kidole gumba na cha shahada, sitaigusa. Na popote uendako, omba kuona cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Changu kiko ukutani, juu ya feni.

Yule mama alilipa huku akiguna. Jumatatu amerudi, mgongo umelegea kidogo, lakini anataka niongeze na goti la kushoto. Akauliza kabla hajavua viatu: "Na goti ni hela nyingine?"

Hapana, mama. Goti limo humo humo.